Mtoto wa Sita wa Mzee Masunga

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Kambarage amenitumia ujumbe mara saba, wote swali ni moja: yule mwanamke wa Ushirombo ni mke wa Feisal au si mke wake? Mwingine wa Kahama ameniapiza nisilale usingizi. Jamani, tulieni. Na mimi nina moyo kama ninyi.

Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti la Jumamosi iliyopita kabla ya kulisoma, asikie kwa ufupi, wengine mnisamehe.

Feisal Nuruddin ni kijana wa miaka thelathini, wa Shinyanga mjini, anayetembeza watu kwa basi dogo, safari ya siku moja. Alfajiri mnatoka mjini, mnafika Ushirombo kuona misheni ya zamani na vijiji vinavyoizunguka, mchana mnapitia Bugarama kuona maisha ya wachimbaji, jioni kila mtu yuko kwake anaosha miguu. Ila safari hii Feisal hakuwa anatembeza watu tu. Alikuwa anafanya mtihani.

Ndani ya basi alikuwemo Raudha, msichana anayempenda hadi anasahau kula. Kiti cha jirani alikaa mama yake, Bi Mwamvua. Barua ya posa ya Feisal anayo yeye, na jibu ni kesho yake, Jumapili. Sharti la Bi Mwamvua soko zima linalijua: binti yake haolewi na mtu asiye na asili ya pwani. "Sisi ni watu wa Bagamoyo," husema, hata akiulizwa bei ya vitunguu. Feisal naye, mapenzi yakiwa yamemziba akili, alimwambia kwamba kwao ni Pangani, kuumeni na kukeni.

Basi walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa misheni, jua la saa sita utosini. Feisal kajivika kofia ya kitalii, spika ya mkononi begani, anawadanganya abiria wake kumi na wawili kwamba matofali yale yalikandwa kwa mayai. Ndipo mwanamke kijana mwenye beseni la matobolwa kichwani, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akavuka barabara, akatua beseni, akafungua mikono yote miwili.

"Feisal! Mume wangu! Leo umenikumbuka!"

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa twendeni.

"Mume?" Bi Mwamvua akauliza.

Raudha alivua miwani ya jua, akaikunja, akaitia mkobani. Wanawake wanaojua kupigana huvua hereni. Raudha huanza na miwani.

"Endelea, Feisal," akasema Madhuben kutoka kwenye kivuli cha basi. Huyu ni bibi wa Kihindi mwenye duka la khanga na vitenge pale mjini, miaka arobaini yuko kaunta ile ile, na hakuna ndoa ya Shinyanga asiyoijua. "Habari za mayai nimeshazisikia. Hii ya mume ndiyo historia."

Feisal akamshika yule mwanamke mkono, akamvuta pembeni hadi kwenye kona ya ukuta. Akawapa abiria mgongo. Akainama, akanong'ona kwa uchungu wa moyo wake wote:

"Bibi Klara, nakusihi usinimalize. Hawa nimewaambia mimi ni mtu wa Pangani. Wakijua mama yangu alizaliwa hapa hapa Ushirombo, Raudha simpati tena. Sema umenifananisha!"

Alinong'ona vizuri sana. Tatizo ni kwamba spika ilikuwa begani, na kitufe chake kilinasa tangu ilipodondoka Kahama. Kila neno liliunguruma. Mwalimu wa katekesi aliyekuwa ndani ya kanisa alitoka nje kuangalia.

"...umenifananisha!" Ukuta wa misheni ukarudia.

Feisal akageuka polepole. Watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama. Boaz, dereva, alikuwa anatafuna muwa, akasahau kutema makapi.

"Lete hiyo," Bi Mwamvua akasema, akanyoosha mkono. Feisal akampa spika. Yule mama akaikumbatia kifuani kama polisi aliyekamata ushahidi. "Sasa njoo hapa. Hebu nielewe. Ama una mke Ushirombo, ama una uongo. Nishike lipi?"

"Uongo, mama," Feisal akajibu haraka. "Shika uongo."

Abiria wakacheka. Raudha hakucheka.

"Miezi nane, Feisal! Miezi nane unanisimulia mto Pangani. Minazi ya babu yako, ukaniambia hadi idadi yake!"

"Niliiona kwenye kalenda."

"Kwenye kalenda!"

"Raudha, niliogopa. Mama yako alisema pwani. Ningefanyaje? Ningekuja kwenu na kusema mama yangu alikuwa mkulima wa mihogo, mnifungulie mlango?"

Raudha alijua jibu la swali hilo, na lilimuuma. Feisal mwenyewe aliona aibu. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na tangu aanze kumchumbia Raudha alikuwa hajalitaja jina lake hadharani hata siku moja.

Bi Mwamvua hakuwa na nafasi ya huruma. Akamgeukia mwenye beseni, akampima kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Na wewe. Amekuita bibi. Bibi wa nani, mtoto mbichi kama wewe?"

"Shikamoo, mama," Klara akasema, akapiga goti kidogo. "Bibi yake huyu huyu. Bibi humwita nani mjukuu wake wa kiume, kama si mume?"

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Feisal ana thelathini!"

"Ndiyo, mume wangu kanizidi miaka miwili. Si ndivyo inavyotakiwa?"

Madhuben alicheka hadi akashika mlango wa basi. Lakini Bi Mwamvua ni mfanyabiashara, hanunui maneno. Akasema utani wa bibi na mjukuu anaujua tangu hajaota meno, ila utani huo huo ndio watu wanaoutumia kufichia nyumba ndogo zao. Anataka uthibitisho. La sivyo posa inachanika papo hapo, mbele ya kanisa.

Msomaji, huku kwetu undugu haudaiwi kwa mdomo mtupu. Undugu unahesabiwa. Klara akalijua hilo, akachuchumaa, akatandika khanga yake mavumbini, akaanza kutoa matobolwa kwenye beseni, kimoja kimoja.

"Huyu ni Mzee Masunga," akasema, akaweka kipande kikubwa. "Huyu wa pembeni ni mdogo wake, tumbo moja. Anaitwa Lufega. Ndiye baba yangu, yuko hai, nyumba ile ya bati jekundu. Mimi alinizaa uzeeni, wenzake wakamcheka. Tupo pamoja?"

"Tupo," wakajibu abiria. Walikuwa wameshazunguka khanga, hakuna aliyekumbuka misheni.

"Mzee Masunga alizaa watoto watano." Akavipanga vitano. "Huyu wa tatu ni Veronika. Veronika akamzaa mama yake Feisal. Sasa, baba wa Veronika na baba yangu ni ndugu. Mimi na Veronika ni nani?"

"Dada!" abiria.

"Dada yake bibi ni nani?"

"Bibi!"

"Wabeja sana," Klara akasema, yaani asanteni. "Kesi imekwisha. Mama, chukua kiazi ule."

Feisal akashusha pumzi. Walau hana mke. Alimwangalia Raudha, akaona pembe ya mdomo wake inatetemeka, ile dalili yake ya kutaka kucheka na kukataa. Mambo yalikuwa yanaanza kurudi kwenye mstari.

Lakini Bi Mwamvua hakuwa anatazama kiazi cha kula. Alikuwa anatazama vile vitano vilivyopangwa.

"Hesabu tena," akasema.

"Watano, mama."

"Hesabu vizuri."

"Wa kwanza Petro. Wa pili Agata. Wa tatu Veronika. Wa nne Yohana. Wa tano Tereza. Watano."

"Rudia."

"Mama, ukoo ni wangu! Nahesabu tangu nina miaka minne, na kila siku ni watano."

"SITA!"

Spika ilikuwa bado kifuani kwake, na kitufe kilikuwa bado kimenasa. Njiwa wote waliokuwa juu ya paa la kanisa waliruka.

"WALIKUWA SITA! UMEMWACHA MAMA YANGU!"

Hata mimi ninayewasimulia nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Bi Mwamvua akaiangalia ile spika mkononi kama inayomsaliti. Akaiweka chini.

"Mwamvua," Madhuben akaita taratibu. "Miaka yote hii nakukatia khanga, unaniambia Bagamoyo, Bagamoyo."

"Baba yangu ni wa Bagamoyo! Hilo sikudanganya." Akakaa kwenye ngazi ya kanisa, mzito, mtandio ukamdondoka begani. "Mama yangu ndiye... Aliitwa Salome. Wa sita. Baba yangu alipita hapa na vitambaa vyake, wakapendana, mama akamfuata, akasilimu. Baba yake akasema asihesabiwe tena. Ukoo mzima ukaambiwa watoto ni watano."

Klara akaweka mkono mdomoni.

"Alipokuwa anakata roho ndipo aliponiambia," Bi Mwamvua akaendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. "Alinitajia hayo majina yote, Petro, Agata, wote. Akasema, mwanangu, kule wanahesabu watano, usiende wakakuaibisha. Basi nikasema kama hawanitaki, na mimi siwataki. Mimi ni wa pwani. Nikaubeba upwani huo hadi ukanichosha."

Raudha akapiga magoti mbele yake. "Mama, ndiyo maana ulikubali kuja?"

"Nilikuja kumchunguza huyo mwongo." Akamtazama Feisal. Halafu akautazama ukuta. "Na hapa nilitaka kupaona. Mama alibatizwa hapa."

Klara alichagua kiazi kizuri kuliko vyote beseni zima, akakiweka mwisho wa mstari. Sita. Abiria wakapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele, na Boaz akatema makapi ya muwa hatimaye.

Ningekuwa mwandishi wa hadithi za kulazia watoto ningeishia hapa, wote wakumbatiane, tule matobolwa. Bahati mbaya Madhuben amezoea kupima kitambaa, na macho yake hayaachi pindo.

"Subirini," akasema. Akainama juu ya khanga, akagusa kiazi cha tatu, akagusa cha sita. "Veronika na Salome ni mtu na mdogo wake. Veronika kamzaa mama yake Feisal. Salome kamzaa Mwamvua. Basi Mwamvua na mama yake Feisal ni..."

"Dada," Klara akamalizia. Alisema haraka, na alipokwisha kusema akatamani angejing'ata ulimi.

"Na watoto wao?"

Feisal akamtazama Raudha, Raudha akamtazama Feisal, kisha wote wawili wakavitazama vile viazi kwa chuki.

"Binamu!" Feisal akaruka. "Hao ni binamu! Dini inaruhusu, na pwani binamu wanaoana kila siku!"

"Wewe si wa Ushirombo?" Klara akamuuliza. "Si umetangaza kwa spika?"

"Nimerudi Pangani! Tangu sasa hivi!"

"Mume wangu, sikiliza. Hapa kwetu hao ni kaka na dada. Damu moja haioani, hata ipite vizazi vingapi. Baba yangu akisikia ataanguka."

"Basi asisikie!"

Bi Mwamvua akanyanyuka, akajifuta macho kwa pindo la mtandio. Kila mtu akamgeukia. Akamwangalia binti yake kwa muda. Raudha machozi yalimjaa, na mama yeyote anayajua machozi ya namna ile.

"Feisal hajakosea," akasema. "Mtoto hufuata kwa baba. Baba yangu ni wa Bagamoyo, basi mimi ni wa pwani, na wanangu ni wa pwani. Uongo wako sina uso wa kukulaumu, maana wangu umeuzidi umri. Posa yako nimeikubali."

"Mama!" Raudha akamrukia shingoni.

"Niache, unaniangusha. Boaz, washa gari. Twende Bugarama kabla sijabadili mawazo."

Feisal alicheza. Nawaambia alicheza pale pale, na kofia yake ya kitalii, hadi abiria wakamshangilia. Boaz akawasha injini. Watu wakaanza kupanda. Bi Mwamvua akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Nani kasema sita?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa barabara. Mzee mmoja alikuwa anakuja, koti la suti juu, mabuti ya mpira chini, fimbo inatangulia. Alikuwa anakimbia kwa kadiri miaka themanini na sita inavyomruhusu mtu kukimbia.

"Baba, pole pole!" Klara akapiga kelele.

"Nimesikia spika hadi chumbani. Nani kasema sita?"

Basi zima kimya. Bi Mwamvua hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umekamata bomba la mlango, na Raudha aliona vidole vinavyobana.

"Kaka yangu Masunga alinishika mkono siku ya kufa kwake," mzee Lufega akasema, anahema. "Akaniambia, Lufega, nilimkosea mtoto. Mtafute Salome, mrudishe kwenye hesabu. Nimeuliza Kahama. Nimeuliza Geita. Nimeuliza mpaka machimboni, wakaniona mwehu. Miaka ishirini na mitatu! Sasa nasikia mtu anasema sita, nauliza ni nani, mnaninyamazia. Kwa nini mnaninyamazia?"

Feisal, aliyekuwa nyuma yake Bi Mwamvua, alielewa kabla ya wote. Mguu ukipanda, yeye anaoa. Mguu ukishuka, haoi. Ni ngazi moja tu. Akatamani kumsukuma mama mkwe wake ndani ya gari, Mungu amsamehe.

"Mama," Raudha akaita. Hakusema panda, wala hakusema shuka. Alishindwa.

Mguu ukashuka.

Bi Mwamvua akageuka, akatembea hatua sita au saba, na yule mama wa Bagamoyo ambaye hapigi goti hata kwa mkuu wa soko akashuka kwa magoti yote mawili, vumbi likamjaa baibui.

"Mwadila, guku," akasema. Ni salamu ya mchana, ya kumsalimu babu, na aliitoa vibaya, kama mtoto anayejifunza. "Mimi ni wa Salome."

Fimbo ya mzee ikaanguka. Akaweka mikono miwili juu ya kichwa cha Bi Mwamvua, akaiacha hapo. Madhuben alijifuta kwa pindo la sari. Boaz akazima injini.

"Umerudi," mzee akasema hatimaye. "Amerudi Salome. Macho yangu hayashiki sura tena. Na hawa vijana nao ni wetu?"

Bi Mwamvua akainua macho. Akamtazama bintiye, akamtazama Feisal. Nafasi ya kudanganya ilikuwepo, pana kabisa, na mdomo wake ulishafunguka. Lakini mtu hawezi kudanganya akiwa amepiga magoti na mikono ya babu iko kichwani.

"Huyu ni binti yangu, Raudha," akasema. "Na huyu ni mwanangu. Wa dada yangu."

"Kaka na dada!" mzee akashangilia. "Njooni, wanangu, salimianeni niwasikie!"

Feisal alihisi dunia inamwacha. Akabaki kasimama, kofia mkononi, hajui aipeleke wapi.

Raudha akashuka kwenye basi. Akajifunga mtandio vizuri. Akatembea mbele ya mama yake, mbele ya mzee, mbele ya abiria wote, akasimama hatua moja mbele ya kijana aliyekubaliwa posa dakika tatu zilizopita. Akakunja goti, taratibu, kwa adabu zote alizofundishwa.

"Shikamoo, kaka."

Akiitikia marahaba, amekubali mbele ya ukoo kwamba huyu ni dada yake, na habari imekwisha. Asipoitikia, amemtukana mzee nyumbani kwake. Mzee Lufega akaweka mkono sikioni asipitwe. Klara akafumba macho. Na Raudha akainua uso, akamtazama Feisal moja kwa moja. Mdomo wake umeshasalimu, lakini macho yalikuwa yanamwambia: thubutu uitikie, uone.